Ukanda Mwekundu Kwenye Miwani

Kwa dada yangu Nabwire,
Malaba.

Mulembe, dada. Mulembe tena, maana hiyo ya kwanza nimeitoa kwa mazoea na hii ya pili nimekaa nikaifikiria. Natumai barua hii inakupata mzima, wewe na watoto. Mama anaendeleaje na lile goti? Aliniambia kwa simu kwamba alienda hospitali ya Nangina wakampa dawa na kumkataza kuinama shambani, na vile ninavyomjua, aliinama siku hiyo hiyo. Na shangazi kule Rukala, maji ya mafuriko yamerudi mtoni ama bado analala shuleni na kuku wake?

Mimi ni mzima. Kazi yangu iliondoka na imerudi, na nitakueleza vile ilivyokuwa, ingawa nusu ya hiyo habari unayo tayari. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Nikikutumia sauti kwa simu utaisikiliza ukipara samaki, na ikianza kukuchoma utaizima. Hii naomba uketi, uisome mpaka mwisho.

Mama bado anaamini kwamba napiga picha za harusi kwenye hoteli za huku Uarabuni, na tafadhali aendelee kuamini hivyo. Wewe unajua kwamba naruka kutoka kwenye ndege, lakini hujawahi kuniuliza ninavyofanya. Basi leo nitakuambia, sababu usipoijua kazi hutajua nilichofanyiwa.

Mgeni anakuja na hamu yake. Anafungwa kifuani kwa mwalimu, watu wawili mwavuli mmoja, na ndege inatupandisha futi elfu kumi na tatu. Mimi ndiye wa kuwapiga picha. Kamera iko juu ya helmeti yangu na swichi yake iko mdomoni; nikiuma, inapiga. Mikono haina nafasi ya kushika kamera, hiyo ndiyo usukani wangu. Mlango ukifunguliwa natoka wa kwanza, nasimama nje kwenye kidato nimeshika chuma, upepo unataka kunivua mashavu. Mwalimu anayumba na mgeni wake, moja, mbili, na ile ya tatu naachia kabla yao kidogo tu, ili wakitoka niwe chini yao nikiwatazama uso. Ukichelewa nusu sekunde, utapiga picha za makalio mpaka chini.

Ovaroli yangu ina mabawa ya kitambaa kati ya mkono na mbavu. Wakinizidi mbio nakunja mikono, wakibaki juu natandaza. Jua liwe mgongoni mwangu, liwamulike wao. Na kichwa sikigeuzi ovyo, maana mwavuli ukifunguka ghafla na shingo imepinda chini ya mzigo ule, unaweza kurudi nyumbani umelazwa. Kwa hiyo mwavuli wangu naukunja mwenyewe, pole pole, ili ufunguke kwa adabu. Wenzangu wakinywa chai mimi bado niko sakafuni nakunja.

Halafu kuna desturi moja kabla ya mlango. Kila mtu anamgeuzia mwenzake mgongo, akaguliwe pini zinazoshikilia mwavuli. Pini yako wewe mwenyewe huwezi kuiona. Mwenzako anaishika, anahakikisha, anakugonga begani, mnagonganisha ngumi. Mgongo wangu nilikuwa nampa mumeo.

Unakumbuka ulivyoniambia? Alikuwa amekaa pale mpakani Malaba na kile kibanda chake cha picha za pasipoti, wateja hakuna. "Ojiambo, mulamwa wako anaoza hapa. Mvute." Nikamvuta. Nilimvuta kwa ajili yako, maana Emase kama shemeji nilikuwa simjui sana. Mwaka wa kwanza alikunja miavuli ya wengine, wa pili akajifunza kuruka, wa tatu nikamvalisha helmeti ya kamera kwa mikono yangu hii.

Sasa sikiliza kuhusu hiyo helmeti. Kuna waya unaotoka kwenye swichi ya mdomo kwenda juu kwenye kamera. Ukiuacha uning'inie utanasa nyuzi za mwavuli, na hapo ni kifo. Wengine wanaufunga kwa tepu. Mimi wangu nimeuzungushia ukanda wa ile tyubu nyekundu ya baiskeli ya baba, niliokata siku ya kuondoka. Ndiyo ile aliyokuwa akivushia watu kutoka geti letu la Busia mpaka la Uganda, mama wa ndizi amekaa nyuma na mkungu wake. Helmeti ni nyeupe, ukanda ni mwekundu. Emase alikuwa akinicheka kila siku. "Mulamwa, umebeba pancha ya Busia mpaka Uarabuni?" Nami nacheka.

Na jambo la pili ni mafuta. Sisi ni watu wa mafuta, dada. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitusimamisha mlangoni, "Na hiyo miguu nyeupe unaipeleka kwa watu gani?" Huku upepo wa juu unapasua midomo, na mumeo alikuwa anajipaka mpaka anang'aa kama chapati. Hakuna ubaya. Lakini nilimwambia tangu mwanzo: jipake, nawa mikono kwa sabuni, ndipo uguse kioo cha kamera. Akaitikia ndiyo, mulamwa. Kumbe akishajipaka anapitisha kidole gumba kwenye lenzi kuondoa vumbi, kwa shati tena akikumbuka. Picha zinatoka kama zimepigwa kupitia maziwa.

Basi alikuja bibi mmoja, mgeni, ametimiza miaka sabini. Wanawe walimletea ule mruko kama zawadi, na wakataka wapiga picha wawili ili wasikose kitu. Mimi na Emase tukapanda. Kwenye ndege nilimgeuzia mgongo, akakagua, akanigonga begani. Nami nikamkagua yeye.

Huyo bibi, haki ya Mungu, sijaona kama yeye. Tulipoachia alifungua mdomo kupiga kelele, meno ya bandia yakataka kuondoka na upepo, akayashika kwa kiganja. Halafu akaanza kucheka na meno yake mkononi, macho yamejaa kwenye miwani ile mikubwa ya kuzuia upepo. Nilikuwa hatua mbili kutoka usoni kwake. Nikauma swichi. Nilijua hapo hapo kwamba nimeipata, unajua vile mtu anajua.

Tulipotua nilikuwa na mwavuli wa kukunja, ndege ya pili iko njiani. Kadi ya kamera huwa tunaitia kwenye kibahasha chenye jina la mtu, inapelekwa kwa binti anayechambua picha. Nikatoa yangu nikampa mumeo. "Mulamwa, nipitishie hii." Akasema, "Hamna shida." Hata sikuinua macho.

Jioni bosi akaniita. "Ojiambo, picha zako zote ni mafuta matupu. Bahati Emase alikuwepo." Nikamwomba nizione, akasema zimefutwa, za nini? Na akaniondoa kwenye ndege. Nikawekwa chini, kupiga picha watu wakitua na matako kwenye mchanga. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo huo, na bosi akasema atauangalia.

Sikubisha. Utashangaa, lakini nilimwamini mumeo kuliko nilivyojiamini mimi. Wiki tatu nilinawa mikono mpaka ngozi ikachanika. Nilikuwa nakaa chini nikiangalia miavuli ikifunguka juu, najiuliza niligusa nini, saa ngapi, kwa kidole gani. Na Emase ananipikia ugali wa kuniliwaza! "Pole, mulamwa. Hata mimi ingenipata." Nikamshukuru. Kula nikala.

Halafu wakatundika picha pale mapokezini. Kubwa, inamzidi mtu kimo. Bibi na meno yake mkononi. Chini yake jina la Emase.

Nilisimama pale kama nimesahau nilikokuwa naenda. Ile ni yangu, nilijua, lakini nani angeniamini? Kamera zote ni za kampuni, zinafanana. Emase alikuwa juu pamoja nami, na alishawaambia tulibadilishana nafasi angani. Nikasogea karibu, karibu mpaka pua inagusa. Na kwenye miwani ya bibi nikaona mtu. Mdogo, ametandaza mabawa, helmeti nyeupe kichwani, na kwenye helmeti mstari mwekundu unashuka kutoka juu mpaka mdomoni.

Dada, nilikuwa najiangalia mwenyewe.

Nilimkuta mumeo sakafuni anakunja mwavuli. Nikamwambia, "Emase, njoo unionyeshe ni nani yuko kwenye miwani ya bibi."

Hakuinua kichwa. Mikono yake tu ndiyo iliyosimama. "Mulamwa, unataka niseme nini?"

"Sema ulifanya nini na kadi yangu."

"Nilibadilisha bahasha." Akasema hivyo tu, kama mtu anayesema amebadilisha shati. "Wewe ni mtu wa zamani hapa, wangekusamehe. Mimi kwa zile zangu za mafuta wangenirudisha wiki hiyo hiyo. Una nini cha kupoteza wewe?"

Nikamwambia kwamba nitamwambia Nabwire. Nilidhani hilo ndilo litamtisha. Ndipo akaniangalia, na uso wake ukawa na huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza kabla hajafungua mdomo.

"Dada yako anajua," akasema. "Anajua tangu siku ile."

Nikamwambia asikutaje kwa mdomo wake. Akatoa simu, akatafuta, akanichezea sauti yako.

Ulikuwa sokoni. Malori yalikuwa yanapiga honi nyuma yako kwenye foleni ya kuvuka. Ukasema, "Wewe Emase, nyamaza kabisa. Ojiambo hana mke, hana mtoto, hata wakimshusha atakula tu. Huyo nimemlea mimi, namjua. Hata akijua, atanyamaza." Katikati mtu akakuuliza bei ya mbuta, ukamjibu vizuri, ukamwambia imetoka ziwani Osieko asubuhi, halafu ukarudi kwenye habari yangu.

Nilimwambia aiwashe tena. Mara ya pili niliona kwamba hata sauti yako haikutetemeka.

Dada, nililia. Nililia mbele ya mumeo, na yeye ndiye aliyeniletea maji. Yeye alinidhulumu, sawa, alikuwa na hofu na ni mtu wa kuja. Lakini wewe? Katika hizo wiki tatu ulinipigia simu, ukaniuliza, "Mbona sauti yako iko chini?" Nikakuambia nimeharibu kazi, sijui nilifanyaje. Nilikuwa najilaumu masikioni mwako. Na wewe ukaniambia, "Omba tu, Mungu atafungua mlango." Ukanijibu hivyo na mlango wenyewe umeushika wewe kwa mkono!

Nilikaa siku mbili bila kufanya kitu. Niliwafikiria watoto, usidhani sikuwafikiria. Nilifikiria Amoit wako na shule yake. Nilikuwa karibu kunyamaza, vile ulivyosema. Lakini mtu aliyebadilisha kadi yangu ndiye yule anayekagua pini yangu, na mimi siwezi tena kumgeuzia mgongo. Nikinyamaza nikarudi naye kwenye ndege ile, kila siku nitakuwa naruka na sauti yako sikioni.

Asubuhi ya tatu nikamwita bosi mbele ya ile picha. Sikupiga kelele. Nilimpa helmeti yangu mkononi nikamwonyesha miwani. Akaangalia picha, akaangalia ukanda, akaangalia picha tena. Akanyoosha kidole akaugusa ule mpira. Akasema pole, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Jina limebadilishwa pale chini, na mkataba nimetia sahihi. Emase anarudi nyumbani.

Jana nimeruka. Nimemgeuzia mgongo kijana Mfilipino ambaye hata jina lake kamili silijui, akanikagua, akanigonga begani. Nilishtuka vile nilivyotulia.

Nisalimie mama, umwambie harusi bado ni nyingi huku. Nisalimie shangazi wa Rukala na kuku wake, na kaka mkubwa pale Busia, umwambie ile baiskeli ya baba asiiuze hata ikibaki fremu. Msalimie Amoit kwa namna ya pekee. Watoto wakiuliza, waambie kazi ya baba yao iliisha. Mimi lingine sitawaambia, hata wakiwa watu wazima.

Wewe sijui nikusalimieje. Nitakupigia siku nikiweza, na usiniombee hiyo siku ifike haraka.

Barua hii nitampa mumeo ailete. Nitampa kwa mkono, kama nilivyompa ile kadi, nimwambie, "Mulamwa, nipitishie hii." Nitaifunga kwa kipande cha ukanda mwekundu, kwa fundo la baba, lile alilokuwa akifungia mizigo kwenye keria. Sisi wawili alitufundisha. Emase hajui kulifunga. Ukilikuta vile vile, mpikie ale, kuna kitu kimoja changu amekifikisha salama. Ukikuta fundo lingine, basi alishaisoma kabla yako, na mtatazamana.

Ni mimi, ndugu yako uliyesema atanyamaza,

Ojiambo