Fungate Yetu Imeitwa Kazi

Jumapili, Juni inaisha. Ukungu wa mto haujaondoka, baridi ya kipupwe imeniingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nimekaa juu ya dungu peke yangu.

Shajara yangu, umezoea kupokea furaha kutoka kwangu. Tangu Pasaka sijaandika kitu kingine humu. Gauni langu, pete yangu, jinsi alivyonishika mkono tukitoka kanisani, jinsi anavyotamka jina langu kama mtu anayeonja asali. Waliosoma watakuwa wamechoka na mimi.

Leo sina hayo. Mume wangu aliondoka jana kwa treni ya kwenda Zambia, na sijui kama ataruhusiwa kurudi.

Naandika kwa simu, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Hapa Mofu mtandao unashika ukiwa juu ya dungu tu, hiki kibanda chetu cha miti kilichoinuliwa katikati ya mpunga ili mtu aone ndege wakija. Kwa hiyo hata kulia nalilia hapa, mbele ya ndege.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho sitamaliza.

Nilisoma pasipoti ya Chanda, mume wangu, kabla sijamtazama usoni. Ilikuwa mwaka jana, pale Ifakara kwenye kibanda ninachouzia laini za simu. Akaja kijana na begi mgongoni, ameshuka kwenye treni kwa sababu aliona milima dirishani akaipenda. Hivyo tu. Mgeni akitaka laini lazima nione pasipoti, nami nikaona. Nikasoma mpaka muhuri wenyewe: mtembezi, miezi mitatu, haruhusiwi kufanya kazi. Nikayapita maneno yale kama unavyopita maandishi ya kwenye kiberiti. Kisha nikainua macho, akatabasamu, nikakosea kuandika namba.

Aliondoka kabla muda wake haujaisha, mtu wa sheria. Tukapigiana simu miezi yote ya mvua. Mwezi wa nne akarudi na mjomba wake kuja kunioa, akagongewa muhuri uleule, wa matembezi. Mjomba akarudi kwao Mpika, kule Zambia. Chanda akabaki, na mimi nikawa mwanamke mwenye bahati kuliko wote bondeni.

Hatukuwa na hela ya kwenda hotelini. Mavuno yalikuwa yameanza, Mama yuko peke yake shambani tangu Baba alipofariki, basi tukaja huku. Fungate yetu tuliila hapa juu ya dungu. Mkeka mmoja, blanketi moja, kopo la chai. Asubuhi tunavuna, mchana tunapura, jioni tunaamia ndege. Chanda alikuwa anasimama hapa nilipokaa na kuwapigia kelele kwa Kibemba, "Kabiyeni", mpaka watoto wa mashamba ya jirani wakaliiga neno, bonde zima likawa linasema Kabiyeni. Nilikuwa namtazama mgongo ukimetameta kwa jasho na nasema, Mungu, usinizindue.

Mama ndiye aliyekuwa na hofu. Shangazi zangu walikuwa wamemchokoza sana kabla ya harusi. Mkubwa wao alisema mbele za watu, "Mzambia wa watu huyo, atakula ubwabwa wako mpaka anenepe, halafu apande treni yake." Lakini Chanda alipochukua mundu siku ya kwanza bila kuambiwa, niliona mabega ya Mama yakishuka. Toka siku hiyo kila anayepita njiani ilibidi asimamishwe asikilize habari za mkwe.

Hizo sifa ndizo zilizotuponza.

Jumanne tulikwenda ofisi ya uhamiaji kuomba aongezewe muda. Tulikuwa hatujachelewa na tulikuwa na cheti cha ndoa. Mama akasema hawezi kukaa nyumbani wakati mwanawe anakwenda mbele ya serikali. Akajifunga kitenge cha harusi, akabeba kiroba cha mchele mpya.

Ofisa alikuwa kijana, mpole, wenzake wamekaa kwenye meza za pembeni. Alisimama kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na kazi. Nimekuletea mchele kidogo, watoto wale."

"Asante, lakini huo utarudi nao. Hapa hatupokei kitu."

Mama akauweka sakafuni, katikati ya miguu yake. Kisha ofisa akatueleza taratibu, bila haraka. Mgeni wa matembezi anatembea, anaona nchi, anasalimia ndugu, siku zake zikikaribia kwisha anaondoka au anaomba nyongeza. Akitaka kuishi na mke wake, kuna hati nyingine, na kwenye hati hiyo mume anaombewa na mke.

"Kwa hiyo, mama," akamalizia, "kwa sheria huyu ataandikwa mtegemezi wa binti yako."

Nilimwona Mama akikakamaa. Kwetu mtegemezi ni mtoto, au mgonjwa, au mtu wa kunyooshewa kidole. Najua alimsikia shangazi katika neno lile.

"Mtegemezi?" akasema. "Baba, umekosea. Mkwe wangu hategemei mtu. Uliza Mofu nzima. Huyu anavuna mpaka jua linazama. Mchele huu hapa chini kaupata kwa mikono yake."

Nilimvuta kitenge. Alidhani namwambia aongeze.

"Hata majirani wamemwona. Yule Msukuma mwenye shamba kubwa na ng'ombe wengi alikuja kumwomba kwangu akampurie mpunga. Alivyomaliza akapewa gunia zima. Si debe, gunia."

Kalamu ya ofisa ikasimama.

"Alipewa gunia?"

"Limejaa," akasema Mama, na kunyoosha shingo.

Ofisa akamgeukia Chanda, ambaye alikuwa anatabasamu muda wote. Kiswahili chake bado kinachechemea. Aliona mama mkwe anasema kwa fahari, akaona ofisa anasikiliza kwa makini, akajua mambo yanakwenda vizuri.

"Wewe unafanya kazi hapa?"

"Ndiyo, mzee. Mimi kazi mingi." Akafungua viganja vyake juu ya meza, malengelenge yamekauka yamekuwa magamba. Viganja ninavyovipenda kuliko kitu chochote duniani.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Afande, ile haikuwa kazi. Ilikuwa fungate."

Alicheka. Hakucheka kwa dharau, naapa, alicheka kama mtu aliyechoka. Halafu akaacha.

"Dada, fungate hailipwi gunia."

Akaweka kalamu mezani, akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Mama yangu, ungeniambia ni mvivu. Ungemtukana hata matusi mabaya, ningegonga muhuri. Sasa umesema mbele ya wenzangu wote humu ndani, na yeye mwenyewe kakubali."

Nyongeza hatukupata. Alituambia angeweza kufanya makubwa zaidi, kumshikilia au kumpeleka mahakamani, lakini atamwacha atoke mwenyewe kabla muhuri haujaisha. Hati ya kuishi na mke itaombwa yeye akiwa kwao. Na kwamba alikuwa mtembezi akafanya kazi ya malipo, hilo litaandikwa, na wakubwa wataliangalia.

"Wakiliangalia wataonaje?" nikamuuliza.

"Hilo siwezi kukudanganya."

Simchukii. Ningependa kumchukia, ingenisaidia.

Nje, kwenye jua, Mama alisimama na kiroba chake kichwani akauliza tumepewa miezi mingapi. Ilibidi nimweleze palepale barabarani. Sijawahi kumwona mtu mzima akizeeka mbele ya macho yangu. Aliendelea kusema neno moja tu, "Nilimsifu. Nilimsifu tu."

Sasa naandika jambo ambalo sitaki kulisahau, ingawa linaniuma kuliko treni.

Tulirudi shambani kusubiri Jumamosi. Jumatano asubuhi Mama akamwondolea Chanda mundu mikononi, akaenda kuuficha. Akamtandikia mkeka hapa juu, kivulini. Mimi na Mama tukaingia kwenye mpunga, naye akakaa hapa juu ya dungu, mikono katikati ya magoti, mgeni wa matembezi. Ukanda wa kule mtoni bado haujavunwa, na kwelea wakaja kama moshi. Wakatua. Nilimwona anasimama, anafungua mdomo, halafu anakaa.

Nilimpandia juu. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtoto anayeogopa kuvunja kikombe cha watu, "Mke wangu, kufukuza ndege ni kazi?"

Nilicheka mpaka nikalia. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Na mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliyesoma muhuri ule kabla ya mtu yeyote, sikujua jibu. Kama kuna mtu njiani anayemwona? Kama kuna anayeandika? Nikamwambia, "Kaa tu, mpenzi." Tukakaa wote wawili tukiwatazama wanakula.

Jana kituoni treni ilichelewa kama kawaida yake, nami nikaishukuru kwa kila saa. Mama alikuja na ule mchele, akamfungia kwenye begi ampelekee mama yake. Hakuwa amesema naye sawasawa tangu Jumanne. Treni ilipolia kwa mbali, akamshika sikio kama anavyotushika sisi watoto wake.

"Ukirudi, hushiki kitu. Unasikia? Unakula, unalala. Nitakununulia godoro."

"Ndiyo, Mama. Mimi nalala sana."

"Ukoromee huko barabarani watu wasikie."

"Nakoroma, Mama."

Walicheka wote wawili, na Mama akajifunika uso kwa kitenge. Mimi, Chanda alinishika mikono tu, akaigeuza, akaangalia viganja. Na mimi vyangu vina magamba siku hizi. Akasema kwa Kiswahili chake, "Hii sasa ni ya mimi." Akapanda.

Nilikimbia na lile behewa mpaka mwisho wa kituo. Sikujali nani ananiona. Mwanamke aliyeolewa tangu Pasaka ana haki ya kukimbia.

Nimeshaulizia. Mimi pia naweza kwenda kwao kwa muhuri wa matembezi. Lakini nawaza, bibi harusi mpya anafika kwa mama mkwe, anakaa kwenye kiti na kukunja mikono, hashiki ufagio, hateki maji, kwa sababu pasipoti yake inasema anatembea? Pengine kuteka maji nyumbani kwa mumeo si kazi. Pengine. Nimejifunza kuogopa neno kazi. Na shangazi watapata cha kusema, kwamba Mzambia kapanda treni yake kama walivyotabiri. Mama tangu jana hajatoka kwenda njiani kusimamisha mtu.

Mpunga ule wa mtoni lazima uvunwe, kwa hiyo leo baada ya misa Mama kaingia mpungani, na mimi nimepanda dungu mwenyewe. Kwelea wamekuja wengi, weusi juu ya ukungu. Nimesimama mahali alipokuwa anasimama. Nikajaza kifua hewa, na neno lililonijia mdomoni ni lake, Kabiyeni.

Nilikuwa nalipiga kelele kila siku wakati wa fungate bila kuuliza. Jumatano ile ndipo nilipomuuliza maana yake, tulipokuwa tumekaa tu. Alisema, "Maana yake, nendeni zenu. Ondokeni hapa."

Neno hilo nimeshindwa kulitoa, hata kwa ndege.

Nimewaacha waendelee kula. Mpunga unainama na kuinuka chini yao, na Mama kule ng'ambo ya shamba ananitazama.

Kesho nitatafuta neno jingine la kuwafukuzia.