Fungu la Kivumbasi

Mzumbe, 3 Aprili 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai mvua za huko mlimani hazijakusumbua magoti. Mkweo Twalibu yuko safarini na lori, mzima. Mimi mafua yamenikamata, sisikii harufu hata ya kitunguu kikiungua. Nesi wa kliniki anasema mtoto anacheza vizuri, lakini nikikohoa tumbo linakaza na moyo unanienda mbio. Si unajua mimba ya mwaka juzi ilivyotoka. Naogopa, mama.

Nitumie kivumbasi chako nichemshe, kama ulivyokuwa ukitupikia utotoni. Simu yangu imeibwa Msamvu, kwa hiyo tuandikiane tu kwa magari ya Mkuyuni.

Mwanao,
Raya

Mkuyuni, 6 Aprili 2025

Mwanangu Raya,

Marahaba. Pole sana, na usijitie hofu, mtoto atafika salama inshallah. Mimi sijambo, magoti yananiuma kwa baridi tu.

Mjomba wako Stambuli anashuka kesho, nimempa fungu lako. Nimeliangua darini juu ya mafiga, nimelifunga kwa ganda la mgomba. Chemsha, funika, unywe ya moto. Nimemkumbusha desturi yetu: mleta dawa anywe kwanza mbele ya mgonjwa, atoe sumu. Usimwachie birika lote! Huyo mzee akiona chai hana haya, ingawa ugoro umemziba pua hata hajui anachokunywa.

Mama yako

Mkuyuni, 8 Aprili 2025

Raya,

USINYWE. Salamu sina leo. Kama umekunywa kimbilia hospitali, ulibebe na hilo fungu uwaonyeshe.

Asubuhi nimefungua fungu la utupa nitie kwenye mahindi, maana wadudu wameanza kutoboa. Likanukia kivumbasi. Nikakaa chini palepale. Mafungu yote mawili yalining'inia darini, moshi umeyafanya meusi sawasawa, nami siku ile niliangua lililokuwa karibu na mkono kwa sababu mvua ilinikimbiza. Utupa, mwanangu! Ndio tunaoulia wadudu, ndio wanaoleweshea samaki mtoni.

Namba ya Twalibu sina. Barua hii nampa Hatibu wa bodaboda, nimemwambia asisimame popote.

Mama yako

Mkuyuni, 9 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua ya jana imerudi, iko mkononi mwangu, imelowa. Hatibu amekuta udongo umeporomoka, barabara imefungwa. Nilianza kushuka mwenyewe kwa miguu, magoti yakanigomea kabla sijafika mtoni, majirani wakanirudisha.

Sasa mwalimu Faraja anavuka kwa miguu, nampa zote mbili. Kila nikifumba macho nakuona unapuliza kikombe. Nijibu hata neno moja. Niambie hukunywa.

Mama yako

Morogoro, hospitalini, 11 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nianze na unalolitaka: sikunywa. Mimi mzima, mtoto anacheza, hata sasa ananipiga mateke nikiandika.

Mjomba alifika Jumatatu, kalowa chapachapa, anatania kuwa umemgeuza punda wako. Nikachemsha. Akachukua kikombe atoe sumu kama ulivyomwagiza, akapiga funda. Akasema, "Dada yangu kazeeka, chai gani chungu hivi." Nikacheka, nikanyoosha mkono nipokee. Akakivuta kikombe kwake. "Ngoja kwanza. Hii siyo ninayoijua." Nikamwambia akiache basi, tukimwage. Hakutaka. Akasema mtoto huyu ni wa ukoo wetu, hawezi kumhukumu dada yake kwa funda moja. Akanywa tena ili ahakikishe, akanywa mpaka chini.

Jioni akaanza kutoka jasho. Halafu kutapika, halafu miguu ikakataa. Majirani ndio walionisaidia kumleta hapa. Siku zote hizi madaktari wamekuwa wakiniuliza amekula nini, nami nikijibu kivumbasi, kivumbasi tu, mpaka mwalimu Faraja akanifuata leo na barua zako. Nimemsomea daktari. Amesema angalau sasa wanajua wanapambana na nini, ila hawezi kuniahidi kitu.

Asubuhi Mjomba alifumbua macho kidogo. Nikadhani anataka maji. Akaniuliza, "Ulikunywa?" Nikamwambia hapana, Mjomba, sikugusa. Akafumba tena.

Mpaka naandika hapa hajafumbua. Mama, barabara ikipitika, njoo. Usingoje barua nyingine.

Mwanao,
Raya