Siku ya Nane

22 Julai, Jumatatu. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Mguu wako uliovimba unaendeleaje? Nakuandikia barua kwa sababu simu tunatumia moja mimi na shemeji yako.

Aliporudi tarehe 13 kutoka huko kwenu alikokuwa anavuta nyaya za umeme, alinikalisha kitandani akakiri: alilala na mwanamke wa huko, bila kondomu. Kabla sijapata hata sauti ya kulia, akatoa mfukoni kipimo cha VVU cha kujipima nyumbani. "Ona mwenyewe, mama. Mstari mmoja. Niko safi kama sahani." Nilimnunia siku nne. Ya tano nikamsamehe, tukarudi kulala pamoja.

Leo nikifua suruali zake nimekuta boksi la kipimo. Pembeni pameandikwa kwa kalamu ya bluu: "Subiri dk. 15, usizidishe." Hiyo tano yenye kofia kubwa ni yako, dada, niliiga mwandiko wako tangu darasa la pili. Ulimuuzia wewe? Alipima lini hasa?

Mdogo wako.

26 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima, mguu umepungua. Wewe je?

Nilimuuzia mimi. Alikuja hapa duka la dawa tarehe 12, akapimia stoo. Kidole nilimtoboa mimi. Akasema ni siku ya nane. Nikamwambia, "Shemeji, siku nane kipimo hicho hakioni kitu. Mwili bado haujatengeneza askari wa kinga ambao kinawatafuta. Rudia ikitimia miezi mitatu, na mpaka hapo, kondomu kila mara." Akaniapisha nisikwambie. Dukani kwetu siri ya mteja haitoki. Nilijua atakwambia mwenyewe.

Kama mmekutana ndani ya siku tatu, kimbia kituo cha afya wakupe dawa za kuzuia. Mwisho ni saa sabini na mbili.

Dada yako.

30 Julai, Jumanne. Jua kali tangu asubuhi.

Dada,

Shikamoo. Siandiki kwamba mimi ni mzima wa afya, maana sijui.

Barua yako imefika leo. Shajara yangu inasema mara ya mwisho ilikuwa Jumapili, tarehe 21. Siku niliyokuandikia nilikuwa bado na siku mbili mkononi. Nilizitumia kukuuliza wewe, kwa kuwa ndiwe mtu wa dawa katika ukoo wetu.

Nimemuuliza mume wangu, "Dada alikwambia miezi mitatu?" Akajibu, "Alisema. Lakini mstari si ulikuwa mmoja?"

Kituoni muuguzi amenipima. Anasema jibu la leo ni la kuanzia tu. Lenye uzito ni la tarehe 19 Oktoba. Godoro langu nimelihamishia chumba cha cherehani.

Mteja ni yeye. Mimi kwako ni nani?

Mdogo wako.

21 Oktoba, Jumatatu. Manyunyu, upepo wa baridi.

Dada,

Shikamoo. Barua zako tatu nimezipata.

Mume wangu alirudia kupima mwezi wa tisa: mistari miwili. Ameanza dawa, anakula vizuri, kazini anakwenda. Kwa ugonjwa simsemi.

Mimi nimepimwa juzi Jumamosi. Sina. Muuguzi akaniambia, "Nenda kashone, mama." Nikacheka, nikalia, nikaenda kushona sare sita. Moja nimeipachika mikono yote miwili ya kushoto.

Unaandika kwamba ulikuwa unalinda ndoa yangu. Mume wangu alinificha ile miezi mitatu kwa sababu aliogopa kunipoteza. Inaniuma, lakini naielewa. Wewe ulikuwa unahesabu siku vizuri kuliko yeye, na ulijua nyumba yangu ina kitanda kimoja. Uliogopa kumpoteza nani?

Usinijibu mpaka nitakapokuandikia mimi.

Mdogo wako.

Jumanne, kabla ya kufunga bahasha: usingizi umenijia saa kumi na robo alfajiri.