Baba, Wamarekani Wanapatanaje?

Baba,

Msimu wao umeanza tena, na safari hii hupo, wewe mtu wa kumuuliza. Wamarekani wako wanachujana kutafuta mgombea wa urais. Watu wa chama kimoja, jukwaa moja, huyu anamwita mwenzake muongo, yule anamjibu hana akili, na bado miezi chungu nzima! Naangalia mdahalo kwenye simu baada ya chakula cha mchana, nacheka, halafu nageuka nikuulize. Kiti kitupu. Nalia kidogo, kisha narejea kuangalia.

Ulikuwa ukilipenda lile jambo la jimbo lao la Iowa. Ulitwambia wengine kule walikuwa wakichagua bila ya karatasi: mtu anatoka kwenye theluji, anaingia ukumbi wa skuli, anakwenda kusimama kona ya mgombea anayemtaka. Mumewe kona ya pili, jirani ya tatu, wote wanaonana. "Na wanarudi nyumba moja," ukisema, huku unanitazama mie. Nami nikijifanya sisikii.

Nikijua unakusudia nini. Kura zetu za maoni zilikuwa za siri. Kaka Othman alitaka chama kimsimamishe ubunge, mie mjumbe wa kupiga kura, na hakuna ambaye angejua nimempa nani. Lakini alipokuja kunishukuru kwa kura yangu, ilhali kashindwa, nikamwambia palepale mlangoni: sikukupa. Ulikasirika wee! "Kura ya siri, umekwenda kuipigia ngoma ya nini?" Tangu siku hiyo Kaka hakunisemesha. Hata msibani kwako, yeye nje na wanaume, mie ndani na wanawake, watu wakatupa pole mbalimbali, hakuna aliyegundua. Umezikwa tumenuniana, Baba. Linaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Wenzako wa barazani hawajaacha. Kila baada ya laasiri wamo, wanagombana juu ya magavana ambao hawatawaona maishani. Wakikwama wananiita, "Bi Zuwena, hebu tufafanulie," nami nawajibu kutoka dirishani juu, nusu najua, nusu nabuni. Juzi walikuwa wanabishana kuhusu mgombea aliyejitoa, kisha akapanda jukwaani kumnadi yule yule aliyekuwa akimtukana. Ikaja sauti kutoka chini: "Anaanzaje? Anaanza kumwambia nini?"

Alikuwa Kaka.

"Sijui, Kaka," nikasema.

"Wallahi hata mie sijui."

Siku tatu sasa nafikiri. Hivi kweli wanaanzaje? Wanapigiana simu? Anatangulia aliyeshinda au aliyeshindwa? Kuna mtu anakaa kati yao? Wewe ungejua, au ungesema unajua.

Nimemwita kwa chakula Ijumaa, kakubali. Nakuahidi nitaanza mimi. Nitamwambia nisichokwambia hata wewe: alikuwa anafaa, tena kuliko wote. Lakini angeshinda angekwenda Dodoma, nami nshaona unavyodhoofika. Niliogopa kuwa peke yangu siku ya kukufumba macho. Nilimnyima ili awepo.

Na siku ilipofika alikuwepo. Alikushika mkono wa kulia, mie wa kushoto, na hatukusemezana.

Mola akulaze pema, Baba. Ijumaa tutasemezana.

Mwanao,
Zuwena