Shusha Ile Picha ya Joho

Ndugu yangu Kipkoech,

Chamgei. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na kwamba mvua haijaharibu njia ya kupeleka majani ya chai kituoni. Mimi moyo umechoka. Daktari wa hapa Amerika hazungumzii tena kupona. Lakini kichwa ni kizima, na kila Jumanne na Alhamisi bado naenda darasani.

Wiki iliyopita ulinicheka kwa simu. "Dada, digrii ya pili ya nini, na hata ngazi hupandi? Rudi Sotik tukutunze." Sasa nakujibu kwa maandishi, ili usinikatize.

Si ya pili, Kipkoech. Ni ya kwanza, na bado sijaipata.

Ile picha iliyo ukutani kwako, juu ya redio, joho ni la mwenzangu wa kazini. Nililivaa dakika tano. Nilipowatumia picha hiyo, Baba alichinja dume, akafa akiniita msomi wake. Kila nilipokuja likizo mlinisimamisha kanisani mkitaja digrii yangu, nami niliinamisha kichwa mkadhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni huu. Nilisoma sayansi ya jamii miaka miwili katika chuo kidogo cha hapa mtaani, nikafaulu. Mpango ulikuwa nihamie chuo kikuu nimalizie miwili mingine. Lakini nilichagua masomo niliyoyapenda, bila kuuliza chuo kikuu kinakubali yapi. Unakumbuka karani wa kituo alivyomwaga kikapu cha Mama mezani, akabakiza majani machache, mengine akayakataa akisema yamekomaa mno? Ndivyo chuo kikuu kilivyoyafanyia masomo yangu. Niliona aibu kuanza upya. Nikaajiriwa kuogesha wazee, nikawaandikia uongo.

Safari hii sikubahatisha. Mshauri wa masomo ni msichana wa rika la mjukuu wako Chelangat. Nilimwambia, "Lete orodha ya chuo kikuu, tuanzie huko turudi nyuma." Akaniuliza polepole, "Mama, unapanga kuhamia lini?"

"Nikiwa hai."

Akacheka, akaandika. Limebaki somo moja tu kabla ya kuhamia, takwimu, nami silipendi hata kidogo.

Kwa hivyo sirudi. Wala usimpe mchungaji namba yangu aje kunibembeleza.

Msalimie mkeo Rael, ambaye nadhani alishuku zamani akanisitiri. Msalimie na mama mdogo Tapsabei, aliyenifundisha kuchuma chai. Mwambie vidole vyangu sasa vinashika kalamu kwa shida. Chelangat akitaka kuja kusoma huku, msomee barua hii kwanza, yote, usiruke pale pa aibu.

Shusha hiyo picha kabla hujanijibu. Na nikifa kabla ya kumaliza, siku ya kunizika usikubali mtu asome kwamba nilikuwa na digrii. Wasome kwamba nilikuwa mwanafunzi.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Chebet