Jiwe la Bwana Zablon

Kanyenye, Tabora
Jumatano, 24 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umemaliza shughuli za asubuhi na umeketi, maana ni ndefu. Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu mlipomaliza kuchuma tumbaku? Nimempa Leonia, huyu anayekuletea barua hii, chupa mbili za dawa ya kuchua amletee. Mwambie safari hii asiwagawie majirani. Mimi ni mzima wa mwili. Bi Zuena, mama mwenye nyumba wangu, anakusalimu sana, na analalamika kwamba siku hizi mwanao anarudisha sahani kama alivyopewa, naye hapiki ili watu watazame.

Najua kwamba Jumamosi hii kamati ya bwawa, ambayo wewe ndiwe mwenyekiti wake, itaketi kuamua kama Dafrosa aendelee kuwa mlinzi wa bwawa la Ilindimo au aondolewe. Najua kwamba akiondolewa, shamba la bondeni linaloambatana na ulinzi huo litarudi mikononi mwa kijiji, na kwamba shamba hilo ndilo linalomlisha yeye, watoto wake wawili na mama yake asiyeona. Najua pia kwamba ushahidi mzito kuliko wote mlio nao ni taarifa niliyoiandika mimi. Ndiyo sababu nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla ya siku hiyo, hata kama katikati yake utatamani kuichana.

Jumamosi ya tarehe 13 Bi Sikuzani, mwajiri wangu, alinikabidhi wageni kumi na mmoja, wanakwaya kutoka Igunga waliokuwa wakijipongeza baada ya shughuli za Pasaka. Walitaka kuona njia ya zamani ya misafara, magofu ya tembe, kisha waoge bwawani. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja aitwaye Theodora, mwembamba, mkali wa macho, ambaye aliwahesabu watu wake kila tulipoteremka garini kama mtu anayehesabu vifaranga. Aliyewachekesha wote alikuwa Bwana Zablon, fundi cherehani, mwimbaji wa besi, mnene kiasi kwamba kiti cha watu wawili alikikalia peke yake. Dereva wetu Eliya naye si mdogo, na njia nzima wawili hao walitaniana kuhusu nani kati yao ndiye aliyelikalisha gari upande.

Pale magofuni nilisema sana. Unajua ninavyokuwa nikipata wasikilizaji. Niliwaeleza kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapo na pembe za ndovu mabegani hawakuwa mizigo inayotembea, bali watu waliojadiliana ujira wao, waliogoma walipodhulumiwa, na walioijua njia kuliko waliowaajiri. Theodora akauliza kama walikuwa na akili hizo zote, mbona wametuachia vifusi vya udongo. Nikamjibu kwa dakika ishirini. Bwana Zablon akasema yeye anataka kujua jambo moja tu, nani alikuwa akibeba sufuria, maana huyo angekuwa rafiki yake. Walicheka, nami nikaudhika kidogo, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza hoja ya tatu.

Tulifika bwawani saa saba na nusu mchana. Dafrosa alikuwa ameketi kwenye lile jiwe bapa tunaloliita Meza. Akanisalimu mwangaluka, Msomi, ilhali asubuhi ilikwisha zamani, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kama leo nimeleta watu wa kuogelea au watu wa kuhutubiwa. Baba, sisi tuliketi dawati moja darasa la tano, na hajawahi kunipa heshima ninayopewa na wengine kijijini. Nakiri kwamba jambo hilo linanikera zaidi ya linavyostahili.

Akawaeleza desturi. Kila anayeingia majini huokota jiwe kwa mkono wake na kuliweka juu ya Meza. Akitoka, hulitupa mwenyewe ukingoni. Hakuna anayeondoa jiwe la mwenzake, hata mlinzi. Ndivyo wapagazi walivyofanya walipokuwa wakioga kwa mamia, ili msafara usiondoke ukamwacha mtu majini. Wageni wakafurahi. Bwana Zablon akaokota jiwe kubwa kama mkate, akaliweka kwa kishindo, akasema lazima lilingane na mwenyewe, na kwamba yeye akiruka watu wa Goweko watayapata maji yote. Nami, badala ya kunyamaza, niliwaambia kwamba wanayoyaona ni mabaki ya kupendeza, hesabu ya watu wasiokuwa na karatasi, ila leo tuna orodha iliyochapwa, kwa hiyo waweke mawe kwa ajili ya kumbukumbu tu. Dafrosa akaniuliza kama orodha yangu inaweza kulowa.

Kama saa moja hivi baadaye, wingu lilifunga upande wa mashariki, huko yanakotoka maji. Sisi tulikuwa bado juani. Dafrosa hakungoja tone la kwanza. Alipiga debe mfululizo, akapaza sauti watu watoke, na wakatoka wakikimbia, kila mmoja akirusha jiwe lake. Mvua ikatukuta ukingoni, mvua ile inayomfanya mtu asione kiganja chake, na maji ya bwawa yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kupanda. Wageni wakajifunika kanga na makoti, wakakimbilia gari. Nilikwenda nao, nikasimama mlangoni, nikahesabu vichwa kupitia mvuke wa vioo: kumi na mmoja. Kisha nikarudi bwawani kumwambia Dafrosa kwamba tunaondoka.

Taarifa yangu inasema kwamba nilipofika nilikuta mawe yote yamekwisha kuondolewa. Endelea kusoma.

Nilirudi garini, Eliya akapanda mbele kutoka kiti cha nyuma alikokuwa akiziba dirisha linalovuja kwa tambara, akawasha injini. Theodora akasema tusiondoke bila kumshukuru Mungu kwa kutuepusha, akaanzisha wimbo. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, na ilipofika zamu ya besi pakawa na kimya. Theodora akageuka, akauliza Zablon yuko wapi. Mtu akajibu, si yule pale nyuma, na wote tukatazama kiti cha nyuma, na hapakuwa na mtu, palikuwa na tambara dirishani. Ndipo nilipoelewa kwamba kichwa cha kumi na moja nilichokihesabu kilikuwa cha Eliya.

Tulikimbia, Baba. Mawe yaliteleza, akina mama walikuwa wakilia na kuita. Kumbe Bwana Zablon alikuwa amepenya chini ya ule mwamba mkubwa ulioinamia bwawa hadi kwenye pango dogo la ndani ili aisikie besi yake ikirudi, na humo hakulisikia debe. Maji yalipopanda yakaufunga mlango. Dafrosa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, akatega sikio kwenye ufa, akamsikia akiwaita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa kwanza. Alifunga kamba kiunoni, akaifunga kwenye mti, akajitosa. Sisi tulipofika, alikuwa ameshamtoa nusu, anamvuta kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umebanwa baina ya miamba na kuvunjika kwenye kifundo. Tulipomtoa yule mzee alikuwa hajitambui. Alilala hospitali siku tano. Sasa yuko kwake Igunga na anasema, lakini kuimba bado.

Kesho yake Bi Sikuzani alitaka taarifa ya maandishi, na nakala mkaletewa ninyi. Niliiandika kwa saa mbili, kwa lugha safi kabisa. Niliandika kwamba wageni wote walishuhudia jiwe la Bwana Zablon likiwekwa. Kwamba mimi nilipolikagua jiwe bapa sikulikuta. Kwamba kwa hiyo liliondolewa na mtu aliyebaki pale, naye alikuwa mlinzi peke yake. Nilipojiuliza mtu angeuliza mbona basi alijitosa, nikaongeza sentensi moja kwamba yawezekana alitambua kosa lake akajaribu kulirekebisha. Niliipenda sentensi hiyo. Niliona imeziba tundu lote.

Dafrosa aliwaambia ninyi habari nyingine, nanyi hamkumwamini. Uliponipigia simu uliniuliza mara moja tu kama aliyoyasema yana ukweli, nikasema hapana, hata hukuuliza tena. Leonia ameniambia ulivyosema mbele ya watu: kwamba Sixbert amesoma mno hata hawezi kusema uongo.

Baba, jiwe lilikuwapo.

Nilipolifikia lile jiwe bapa, Dafrosa alikuwa amesimama kwenye mvua akilitazama, likiwa peke yake, kubwa kama mkate. Akaniambia la Zablon hili, mtu wako yumo majini. Nikamwambia nimehesabu, wametimia, huyo mzee amesahau tu kulitupa kwa haraka. Akasema jiwe halisahau. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yetu, kuamini mawe kuliko macho, na watu wanalowa garini kwa sababu ya hadithi. Akanishika mkono wa shati akasema Sixbert, hakuniita Msomi, akasema Sixbert, nenda ukamtazame usoni, umtazame usoni ndipo urudi uniambie. Ilikuwa hatua mia moja tu hadi garini. Nami nikaona kwamba nikienda nitakuwa nimeshindwa mjadala. Hilo tu ndilo nililoliona. Nikaliokota jiwe la Bwana Zablon kwa mikono yangu miwili, nikalitupa ukingoni, nikamwambia haya, sasa hesabu yako na yangu zimelingana.

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu ambacho hakijawahi kufanyika, kisha akageuka akaanza kupanda mwamba. Mimi nikarudi garini nikifikiria maneno niliyoyasema na kuyaona mazuri.

Kwa hiyo yeye alijua kuna mtu, akabaki. Mimi niliambiwa kuna mtu, nikaondoka, na kabla ya kuondoka nikaifuta alama yake. Halafu nikaliandika kosa langu kuwa lake, nikalipanga kwa hoja, moja, mbili, tatu, kwa sababu nilijua kwamba kati ya neno lake na langu kijiji kitachagua langu. Nimetumia yote uliyouzia ng'ombe ili niyasome. Hakuna nililojifunza chuoni ambalo halikunisaidia katika uongo ule.

Nimeandika badala ya kuja kusema kwa sababu najijua. Nikisimama mbele yenu nitaanza kwa unyenyekevu, nitaeleza mvua, nitaeleza mvuke wa vioo, nitaeleza jinsi Eliya na Bwana Zablon wanavyofanana kwa umbo, na kabla sijamaliza mtakuwa mnanionea huruma. Barua haiwezi kujitetea mkiikatiza. Naomba Jumamosi isomwe yote, kwa sauti, na isisomwe na wewe. Mpe Katibu Alois. Dafrosa awepo, na mama yake aletwe, maana hakuweza kuisoma taarifa ya kwanza na aliisikia kwa midomo ya watu. Nitafika kwa gari la asubuhi nikae nje hadi niitwe. Mtakaloamua juu yangu, sitalijadili.

Nakala ya barua hii nimempa Bi Sikuzani leo saa tatu. Aliisoma mara moja, akanyoosha mkono nimpe funguo za ofisi. Kwa Bwana Zablon nitakwenda Igunga wiki ijayo, nikipokelewa. Dafrosa nilimpigia jana. Aliposikia ni mimi akasema mkono unamuuma na hana wa kumshikia simu, akakata.

Shamba la bondeni lisiguswe. Mahindi yake yanakaribia kukauka na mkono mmoja hauwezi kuyavunja na kuyabeba. Mwambie mdogo wangu Sayi aanze kumsaidia kesho, asingoje kikao, wala asiseme katumwa na nani.

Msalimie Mama, na ukiona vema msomee barua hii wewe mwenyewe kabla hajaisikia kwa wengine. Msalimie Sayi na wote wa nyumbani. Bi Zuena anauliza tena hali ya mgongo. Najua utakuwa na hasira, na najua utakuwa na aibu mbele ya wajumbe wako. Ya pili ndiyo inayonitesa zaidi. Kama Jumamosi hutataka nikuamkie, nitaelewa, ila nitakuamkia.

Mwanao,
Sixbert Masolwa