Mtani Hashitakiwi

Jumatatu, 2 Juni
Chai ya saa nne. Maandazi yamepoa. Agnes kala mawili, langu likiwemo. Nikamwambia Mhehe akikosa mbwa hula chochote. Akajibu mdomo umejaa: "Afadhali mimi nimekula. Wewe Mgogo ungekaa hapo unaliomba." Ofisi nzima ikacheka. Ndivyo tunavyofungua siku, mwaka wa sita huu. Babu zetu walipigana kwa mikuki, sisi wajukuu ni watani, tunapigana kwa maneno. Maneno hayana kidonda, mradi usikasirike. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu.

Habari yenyewe: Dada Tumaini anakuja. Mkurugenzi Mkuu. Anakaa ng'ambo pamoja na bodi nzima, watu wenye asili ya huku waliokulia huko. Waliona utamaduni unawapotea, wakaanzisha asasi ya kuutafuta. Ukaonekana uko Dodoma. Sisi tumeajiriwa kuushika usikimbie.

Anakuja kuteua Mkurugenzi Mkazi. Nafasi hiyo nimeikaimu miaka minne. Hata muuza vocha wa hapa Ipagala ananiita Kaimu. Tunaofikiriwa ni wawili, mimi na Agnes. Yeye ni Meneja wa Programu, ana digrii ya chuo kikuu cha pale Chimwaga. Mimi nina darasa la saba, kamusi mbili na masikio.

Nakitaka cheo hiki. Nakiandika hapa kwa sababu kwingine kote nasema "Mungu akipenda".

Jumatano, 4 Juni
Kafika. Heleni za mbao zenye umbo la Afrika, bara zima kila sikio. Upepo wa Juni unazigonganisha.

Anamwamkia kila mtu shikamoo. Kamwamkia hata binti wa mapokezi, ambaye mwezi uliopita ametimiza miaka ishirini na mbili. Binti akaitikia marahaba. Afanyeje.

Si mtu mbaya. Niliandike hilo mapema. Mzee mmoja alipotupigia zeze, Dada alilia machozi ya kweli, si ya picha. Anatuita familia. Nimechunguza: neno hilo huzidi pale ambapo nafasi ni moja na watu ni wawili.

Katuletea Sera ya Staha Kazini, kitabu kizima. Tumetia saini wote. Agnes hakusoma. Mimi nilisoma.

Nami nikampa kijitabu chetu cha mila. Nimekiandika mimi, Agnes kakisahihisha. Ukurasa wa tisa ni utani wa msibani. Akakipekua, akasifu picha.

Jumapili, 8 Juni
Mama kafariki. Asubuhi, kabla ya ibada. Dada yangu alipiga simu nikiwa napiga pasi shati. Nikamaliza kulipiga pasi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 10 Juni
Tumemzika. Kijijini, upande wa Mvumi. Vumbi, kwaya, watu wengi. Ofisi nzima ilikuja, Dada Tumaini akiwemo, miwani myeusi na khanga mpya yenye mkunjo wa dukani.

Siku mbili sikutoa chozi wala neno. Shangazi alishaanza kunitazama kama debe linalokaribia kupasuka.

Tunataka kutoa jeneza, mlangoni kasimama Agnes. Kavaa kitenge cha Mama, kashika fimbo ya Mama, kainamia upande kwa nyonga mbovu ya Mama. Kaziba njia. "Huyu haondoki! Ana mlenda wangu tangu mwaka juzi. Bibi mchoyo huyu, alikuwa anahesabu matonge ya wageni!" Kisha kwa sauti ya Mama mwenyewe, ile ya kukoromea kuku: "Yohanaaa! Unalia nini, umeshapata cha kuombea rambirambi!"

Watu wakavunjika mbavu. Mchungaji aligeukia ukutani. Nikacheka, na ndani ya kicheko kilio kikapata mlango, kikatoka chote. Ni kweli Mama alikuwa anahesabu matonge.

Kaburini Agnes akalala kifudifudi pembeni mwa shimo, kwamba azikwe yeye kwanza, hapa kwa watumwa wake, ndivyo watani tunavyoitana, kuna nafasi nzuri. Shangazi akampa kitu kidogo, Agnes akainuka. Fimbo akaondoka nayo, kama ilivyo haki ya mtani. Ataileta siku ya kumaliza matanga, tuikomboe kwa jogoo.

Dada Tumaini alitaka kumvuta Agnes mkono pale shimoni. Mjomba akadhani na yeye ni mtani, akampigia makofi. Baadaye Dada alinikumbatia, miwani ikanigonga. "Pole, kaka Yohana. Nimeona machozi yako. Hili nitalishughulikia."

Nikadhani anasema habari ya usafiri.

Jumatatu, 16 Juni
Nimerudi kazini. Agnes kanipokea: "Yatima mzee kuliko wote Tanzania kaja." Nikajisikia nyumbani.

Saa tano Dada Tumaini kaniita. Mlango ukafungwa. Kasema bodi imehuzunishwa. Mfanyakazi mwandamizi kamdhihaki mwenzake aliyefiwa, kamtukana marehemu, kachukua mali ya marehemu, mbele ya umati. Alinisogezea boksi la karatasi za kupangusia machozi. Nikachukua moja, kwa adabu.

Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia. Naapa, ulikuwa unafunguka.

Akasema: "Na kama unavyojua, uteuzi ni wiki hii. Hatuwezi kumpa uongozi mtu wa namna hiyo."

Mdomo ukajifunga.

Jumanne, 17 Juni
Fomu imekuja kwa barua pepe. Juu imeandikwa: Maelezo ya Mhanga. Mhanga ni mimi. Nimezaliwa miaka hamsini na mbili iliyopita, leo ndiyo nimejua.

Sijajaza.

Alhamisi, 19 Juni
Nimejaza.

Maswali yalikuwa mepesi. Je, alivaa nguo ya marehemu? Ndiyo. Je, alitoa maneno ya dharau kuhusu marehemu? Alisema alikuwa mchoyo. Je, alichukua kitu? Fimbo. Je, ulilia? Ndiyo.

Hakuna uongo hata mstari mmoja. Nimeisoma fomu mara tatu kuhakikisha. Chini kulikuwa na nafasi ya "Maelezo mengine", mistari kumi na miwili mitupu. Nimeweka kistari kimoja katikati.

Mama alikuwa anasema mtani hashitakiwi. Nimejiambia sikushitaki, nimejibu maswali. Mwizi naye husema hakuvunja, aliukuta mlango wazi.

Jumatatu, 23 Juni
Kikao. Bodi mtandaoni, nyuso sita kwenye vijidirisha, mmoja nyuma yake kuna kinyago cha Kimakonde kimetundikwa juu chini. Sikusema.

Agnes alikuja na gauni la kanisani. Hakuogopa. Alieleza vizuri, polepole, kama anavyofundisha wageni. "Mimi Mhehe, huyu Mgogo. Ni mtani wangu. Msibani kazi yangu ni hiyo, kuwatoa wafiwa gizani. Nisingefanya, ndugu zake wangeniuliza nimekosana naye nini." Akanielekea, akatabasamu. "Muulizeni mtumwa wangu huyu, hata mpaka wa utani anaujua yeye."

Neno mtumwa likatua mezani. Kwenye vijidirisha watu walikunja sura. Hao wana historia yao na neno hilo, na siwalaumu. Lakini hapo ndipo mtu anayejua pande zote mbili alipaswa kusema. Mtu huyo alikuwa mmoja, kakaa kiti cha tatu, kavaa shati lililopigwa pasi.

Dada Tumaini alinigeukia. Alitaka kujua kweli, niliona. "Kaka Yohana, ni desturi? Ulijisikia salama?"

Neno moja tu lilihitajika. Lina herufi nne. Ndiyo, tano, nimehesabu vibaya hata hapa.

Nikasema: "Nilikuwa nimefiwa. Sikumbuki vizuri."

Tabasamu la Agnes halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama mgeni ambaye hajaambiwa kuwa chakula kimekwisha. Kisha likaondoka.

Jumanne, 24 Juni
Agnes kaachishwa kazi. Kabeba kikombe chake, mche wake wa aloe na kalenda. Maandazi ya saa nne nimeletewa mawili. Yote yangu. Sikula.

Jumanne, 1 Julai
Mkurugenzi Mkazi. Barua ina nembo ya rangi. Kanisani wamenipigia makofi. Mke wangu kasema hongera, akauliza Agnes naye kapewa nini. Nikasema kaacha kazi. Alinitazama muda wa kutosha mtu kuchambua mchicha. Tangu jana ananiita Baba Rehema kwa ukamilifu, kama tuko mahakamani.

Muuza vocha bado ananiita Kaimu. Nimemsahihisha. Akasema: "Sawa, Kaimu."

Ijumaa, 4 Julai
Nimeshinda Mtumba, kwenye mji wa serikali, nikitafuta kibali cha tamasha letu, ofisi hii hadi ile. Kwenye foleni nikakutana na Mhehe mmoja wa wizarani, tumezoeana miaka. Kawaida angenipokea kwa "ombaomba kaja". Kanipisha mbele. "Karibu, mkurugenzi, tangulia."

Nikadhani ni heshima ya cheo. Nilipofika kwenye gari nikaelewa. Iringa, kwao Wahehe, ni mji wa watu wanaopigiana simu.

Jumatano, 9 Julai
Dada Tumaini kapiga kutoka ng'ambo. Sauti tofauti. Kuna wafadhili wamependa kijitabu chetu. Wamependa hasa ukurasa wa tisa. Wanataka filamu: utani wa msibani kama tiba ya huzuni. Wanasema ni hazina.

Kwa hiyo na yeye kausoma ukurasa wa tisa.

Kisha: "Kaka, kwa nini hukusema?"

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Yeye alijua, mimi nilijua kwamba anajua. Nikangoja aseme tumrudishe Agnes. Ningekubali. Nafikiri ningekubali.

Akashusha pumzi. Akasema faili la bodi limeshafungwa, kulifungua kutawachanganya watu, tutazame mbele kama familia. Kisha akaomba nimtafutie Mhehe mmoja mchangamfu, asiyeogopa kamera.

Niliwahi kudhani ni yeye asiyejua mila na mimi ninayejua. Sasa tuko sawasawa. Tofauti yetu ni heleni.

Jumapili, 13 Julai
Wahehe sita nimewapigia. Wote wana udhuru. Wote wamenishukuru kwa kuwafikiria. Hakuna aliyenitukana.

Alhamisi, 17 Julai
Nasikia Agnes yuko Kibaigwa, dalali wa mahindi. Wanasema anawachekesha madereva wa malori mpaka wanasahau bei.

Nimepanga maneno ya kumwambia Jumamosi, kwenye matanga, kama atakuja. Nimeyaandika, nimeyakata. Nimeamua kuanza na mbwa. Utani ukianza, mengine yatafuata. Nitamwambia yote, na Jumatatu nitaiandikia bodi. Barua iko tayari kwenye droo. Haina tarehe.

Jumamosi, 19 Julai
Tumemaliza matanga.

Shangazi alifunga jogoo mguu tangu alfajiri, mwekundu, mkubwa, wa kukomboa fimbo kwa mtani. Wajomba wamekaa tayari kucheka. Mkeka wa watani umetandikwa, mtupu.

Agnes kaja saa nne. Peke yake, kwa bodaboda, fimbo kaifunga kwa khanga safi. Kashuka. Kawaamkia wazee wote, shikamoo moja moja, mikono miwili. Kafika kwangu. Nikasema kwa sauti, wasikie wote: "Ficheni mbwa, Mhehe kaingia!"

Shangazi akaanza kucheka. Kicheko kikaishia njiani.

Agnes aliinamisha kichwa kidogo. "Pole sana kwa msiba, Mkurugenzi. Mungu awatie nguvu." Akafungua khanga, akanikabidhi fimbo mkononi. Hakudai kitu. Karibu ukae, nikasema. Karibu chakula. "Asante, nimeshakula." Akaketi na wageni, si kwenye mkeka. Sala ilipokwisha akaaga, mtu mmoja mmoja, akaondoka.

Sikumwambia kitu. Maneno yote niliyopanga yalikuwa ya mtani.

Wajomba walikula kimya. Hakuna aliyeniuliza. Kijijini wakishajua hawaulizi.

Jioni nimekaa ukutani pa nyumba ya Mama, kwenye jua la mwisho, fimbo magotini. Mpini umeng'arishwa. Agnes kaupaka mafuta, na ufa wa chini kaufunga kwa waya mwembamba, kazi safi.

Jogoo alikuwa bado kafungwa. Kazungukazunguka mpaka kamba imeisha, kasimama kwa mguu mmoja. Nimemfungua. Hakukimbia. Alisogea hatua mbili, akaanza kudonoa chini ya mkeka wa watani.